Kupandisha CG ya 125 hadi 150: spea ipi inaingiliana, ipi inaingia tu

Kariakoo, muuzaji wa spea za pikipiki aliweka bloku, kile kipande chenye silinda, juu ya kaunta akaigongagonga kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji. "Kaka, hii ya 150. Wewe una 125, siyo? Inaingia hiyo, stadi ni zilezile." Hakunidanganya. Iliingia kweli. Ilinichukua siku mbili kuiingiza, ikafanya kazi wiki tatu, na siku iliyokufa nilikuwa na magunia mawili ya kabichi nyuma, napandisha Mgeta, jua la saa saba.

Tangu hapo nikisikia neno "inaingia" natoa venia, kile kipimo cha milimita, mfukoni. Haya yafuatayo ni yale ninayoyafanya sasa mtu akiniletea pikipiki ya zamani yenye injini ya CG (ya Honda au nakala zake) iliyochoka, anataka ifufuliwe, na kama inawezekana ipande kutoka sentimita za ujazo 125 kwenda 150.

Kwanza ujue una injini gani

Honda walitoa CG125 mwaka 1976, na mwaka huohuo ikaanza kuundwa Manaus, Brazil. Walitaka injini ya mtu anayesahau kubadilisha oili, na katika hilo walitufahamu vizuri. Kamu, shafti inayofungua valvu, haikupandishwa kwenye hedi, kile kichwa kinachofunika silinda. Imekaa chini ndani ya kasha, inazungushwa na gia inayoshikana moja kwa moja na gia ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), halafu fimbo mbili nyembamba zinapeleka msukumo juu kwenye valvu. Hakuna cheni ya taimingi, hakuna tenshona ya kuikaza ikalegea. Pakistan bado wanaiunda. Viwanda vya China navyo viliichukua ramani ile, vikaizalisha kwa majina chungu nzima, vikaikuza hadi 150 na 200, na hizo ndizo zilizojaa vijiweni kwetu. Ndiyo maana spea zake unazipata hadi kwenye genge linalouza vocha.

Boksa na TVS za bodaboda si ukoo huu. Kamu zao ziko juu, zinaendeshwa na cheni, na mengi nitakayosema hapa hayazihusu.

Usiamini stika ya tangi wala maneno ya aliyekuuzia. Futa matope kwenye kasha la injini usome namba iliyogongwa. Ukikuta 156FMI, hiyo 1 ni idadi ya silinda, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni kupozwa kwa upepo, M ni pikipiki, na I ni daraja la 125. Ya 150 huandikwa 162FMJ, ya 200 huandikwa 163FML. Ya 125 ina silinda ya milimita 56.5 na pistoni inatembea milimita 49.5. Ya 150 ina silinda ya 62, na pistoni inatembea 49.5 ileile. Ya 200 ni 63.5 kwa 62.2.

Hizo namba tatu zinakuambia karibu kila kitu. 125 na 150 zina mwendo mmoja wa pistoni, kwa hiyo krenki ya 125 inaweza kubaki humo humo. Piga hesabu: 56.5 kwa 49.5 unapata sentimita za ujazo 124, na 62 kwa 49.5 unapata 149. Umeongeza sehemu moja ya tano bila kubadilisha krenki. Ya 200 achana nayo. Krenki yake ni nyingine, bloku ni ndefu, fimbo ni ndefu, na ukianza kuichanganya utajikuta umenunua injini nzima vipande vipande kwa bei ya mbili.

Pima ugonjwa kabla hujafungua

Vijana wengi wanafungua kwanza, wanapima baadaye. Injini ikishakuwa kwenye beseni haiwezi tena kukuambia inaumwa wapi.

Iwashe ikiwa baridi, uiache ipate moto, kisha vuta mafuta na uachie ghafla. Moshi wa bluu unaotoka wakati unavuta mara nyingi ni ringi na silinda. Moshi wa bluu unaotoka ukiachia mafuta, au ule wa asubuhi unaotoka dakika moja ukakatika, mara nyingi ni sili za valvu na gaidi zake, yaani vibomba ambamo valvu hupita. Halafu fungua plagi, funga geji ya kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), shikilia mafuta wazi kabisa na upige kiki mpaka mshale usipande tena. Andika namba. Mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Ikipanda sana, ringi zinapitisha. Isipopanda, lawama ni za valvu, au gasketi ya hedi.

Huna geji? Kidole gumba kwenye tundu la plagi kinasaidia kujua kama kuna uhai, lakini hakiwezi kukutofautishia ringi na valvu. Azima geji.

Jambo la mwisho ni konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, na hili utalipima bloku ikishatoka. Shika konrodi kwa vidole viwili, ipandishe na kuishusha bila kuzungusha krenki. Ikicheza kushoto na kulia kidogo, hiyo ni nafasi yake ya kawaida. Ikigonga "ko" juu na chini, hata kidogo tu, beringi ya chini imekwisha. Hapo usifunge bloku mpya. Nimeona watu wanavaa pistoni mpya juu ya krenki mbovu, na mwezi haujaisha konrodi imetoboa kasha ikatokea dirishani.

Vipimo vya kuchukua dukani

Nenda na spea zako za zamani ndani ya mfuko, na venia. Muuzaji akikasirika, hama duka. Kariakoo yako mengi. Walioko Nairobi wana Barabara ya Kirinyaga na wa Kampala wana Kisekka, na huko nako hakuna anayekosa jirani wa kushindana naye.

Cha kwanza, sketi ya bloku, yaani ule mkono wa slivu (bomba la chuma la silinda) unaochungulia chini na kuzama ndani ya kasha. Pima kipenyo chake cha nje, halafu linganisha na mdomo wa kasha lako uliokwisha kuupima nyumbani. Kwenye makasha mengi ya 125 mdomo ni mdogo kuliko sketi ya 150. Hapo ndipo "inaingia" inapogeuka kuwa kazi ya mkerezaji, fundi wa mashine ya kuchonga chuma.

Cha pili, nafasi kati ya stadi na stadi, zile boliti ndefu zinazoshikilia bloku, na kipenyo cha matundu. Chukua gasketi yako ya chini ya zamani ilaze juu ya bloku mpya. Matundu yote yalingane, pamoja na njia ya fimbo za valvu na kitundu cha kupandishia oili. Kitundu hicho kikifunikwa nusu na gasketi, rokaamu, vile vikono vinavyobonyeza valvu, zitakuwa zinakaangwa kavu huku wewe ukisifia nguvu za 150.

Cha tatu ni pistoni. Pima pini: ya CG125 ni milimita 15, na nyingi za 150 za ukoo huu nazo ni 15, lakini "nyingi" si "zote". Pini iingie kwenye konrodi yako kwa kusukumwa na kidole ikiwa na oili, isicheze. Pima pia kutoka katikati ya pini hadi kichwa cha pistoni, ulinganishe na ya zamani. Pistoni ikiwa fupi unapoteza kompresheni. Ikiwa ndefu itagonga hedi.

Cha nne, urefu wa fimbo za valvu. Ziweke mbili za zamani na mbili mpya zikisimama juu ya kioo cha kaunta. Hapo macho yanatosha.

Vitu vingine nitavipitia haraka. Plagi, klipu za pini, sili nyingi na gasketi za pembeni zinaingiliana bila ugomvi. Klachi hesabu pleti, kwa sababu kuna basketi za pleti 5 na za 6. Magneti kuwa nayo makini: zina idadi tofauti za koili, na kuna sidiai (CDI, kile kisanduku kinachotoa cheche za plagi) zinazopewa umeme na koili ya magneti na nyingine zinazokula umeme wa betri, kwa hiyo ukichanganya hupati cheche au unaua sidiai siku ya kwanza. Gia za boksi la spidi 4 usizipeleke kwenye la 5. Na kuna baadhi ya injini za 150 na 200 zenye shafti ya kupunguza mtikisiko pembeni ya krenki. Krenki ya injini hizo haikai kwenye kasha lisilo na nafasi ya shafti hiyo.

Kufungua

Osha pikipiki kwanza. Si kwa ajili ya urembo. Mchanga ulioganda kwenye mapezi ya bloku ukidondoka kwenye kasha lililo wazi, utatafuna beringi usiku na mchana.

Mwaga oili, toa tangi, kabureta na silensa. Fungua kifuniko cha rokaamu. Zungusha krenki taratibu kuelekea inakozunguka injini ikiwaka, mpaka alama ya T kwenye magneti ilingane na alama ya kasha, na rokaamu zote mbili ziwe na uchezaji. Kama moja imebana, zungusha duara moja tena. Hapo pistoni iko juu na valvu zote zimefungwa.

Legeza nati za hedi kwa mkingamo, robo duara kila moja, usimalize moja ukahamia nyingine. Toa rokaamu, vuta fimbo za valvu na uzichome kwenye kipande cha boksi ulichokiandika "ingia" na "toka", kila moja irudi ilikotoka. Hedi ikikataa kutoka, igonge kwa mpini wa nyundo kwenye sehemu nene. Tindo usiisogeze hapo. Pezi moja likivunjika halina gundi.

Bloku ikianza kupanda, simama hapo hapo. Sukumia tambara safi kwenye mdomo wa kasha kabla pistoni haijatoka yote. Klipu ya pini ina tabia ya kuruka, na ikitua ndani ya kasha, kazi ya saa mbili inakuwa ya siku mbili.

Utamu wa CG uko hapa: kwa kuwa kamu imebaki chini, hujagusa taimingi. Unaweza kutoa bloku na hedi ukarudisha bila kuhesabu hata jino moja la gia. Ukitaka kuikagua kamu yenyewe, iko upande wa magneti, na gia yake na ya krenki zina vinukta vinavyotakiwa kutazamana. Kama injini haikuwa na kelele huko, iache ilale.

Ukiwa umeinama hapo, fungua na kifuniko cha upande wa klachi. Mwisho wa krenki kuna kikombe cha duara chenye kifuniko cha skrubu. Hicho ndicho chujio la oili la injini hii: kinazunguka na krenki, na uchafu unarushwa kwenye kuta zake unaganda. Katika pikipiki zilizofanya kazi miaka mitano sita nimekuta humo tope jeusi gumu kama lami, la kukwangua kwa kijiti. Wengi wanaofanya ovaholi hawakifungui kabisa. Kisafishe, kausha, badilisha gasketi yake, na usafishe pia wavu wa oili ulio chini.

Kwa mkerezaji

Kama unabaki na 125, hesabu ni nyepesi. Pima silinda katika vimo vitatu, juu, katikati na chini, na kila kimo upime mara mbili kwa mkingamo. Mimi nikiona tofauti inapita 0.05 ya milimita, siweki ringi mpya kwenye silinda ile, naipeleka kuchongwa. Pistoni za kuzidisha zipo za 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, namba imegongwa juu ya kichwa. Nunua pistoni kwanza, umpelekee mkerezaji aipime hiyo hiyo ndipo achonge. Akichonga kwanza halafu wewe ukatafute pistoni, umemtuma fundi cherehani ashone suruali bila kumwona mvaaji. Nafasi kati ya pistoni na silinda iwe kati ya 0.01 na 0.04 kwa pistoni mpya. Ikifika 0.10 injini inapiga kelele kama debe asubuhi, na ringi hazitulii.

Kama unapanda hadi 150, kasha mara nyingi lazima lichongwe mdomo, na hapo ndipo nilipoiua injini yangu. Nilitumia grenda. Nilizungushia tambara, nikachonga kidogo kidogo, nikajipongeza. Mdomo ulitoka kama ulioumwa na panya, bloku ikakaa imeinama kwa kiasi ambacho jicho halioni, na unga wa alumini ukapita kando ya tambara mpaka kwenye pampu ya oili. Nilipokuja kuifungua baadaye, pistoni ilikuwa na michirizi upande mmoja tu.

Njia ya haki ni kupasua kasha lote, kutoa krenki na boksi la gia, na kupeleka nusu mbili za kasha zikiwa zimefungwa pamoja kwa boliti zake kwenye mashine ya kuchongea. Mkerezaji akazie katikati ya mdomo wa zamani, achonge mpaka sketi iingie kwa mkono ikiwa na nafasi ndogo pande zote. Mwambie pia apime ukuta unaobaki kati ya mdomo na matundu ya stadi. Ukuta ukiwa mwembamba kama ganda la yai, acha mpango wa 150, chonga 125 yako saizi ya juu. Mpaka 1.00, yaani silinda ya 57.5, unapata sentimita za ujazo 128. Huongezi nguvu ya kujivunia, ila unaondoka na injini nzima.

Hedi, ambako hesabu ndogo inaokoa pesa nyingi

Kosa langu la pili lilikuwa hedi. Nilirudisha ya 125 juu ya bloku ya 150 kwa sababu ilikaa sawa na nilikuwa nimeshaishiwa hela.

Ona kilichotokea. CG125 ina kompresheni ya karibu 9.2 kwa 1. Maana yake chumba cha moto, pistoni ikiwa juu, kina sentimita za ujazo 15 hivi. Sasa nimeweka silinda ya 149 juu ya chumba kilekile. Jumlisha 149 na 15, gawanya kwa 15, unapata karibu 11. Toa kidogo kwa upana wa tundu la gasketi mpya, bado uko mbali na 9.2. Kwa injini ya kupozwa na upepo, iliyobebeshwa gunia, inayopanda mlima kwa gia ya pili bila upepo wa kutosha, kompresheni hiyo inafanya mchanganyiko wa petroli ulipuke wenyewe badala ya kuungua taratibu kutoka kwenye plagi. Sauti yake ni kama njugu zinatupwa kwenye bati. Niliisikia kwa wiki tatu, nikadhani ni raha ya 150.

Kwa hiyo nunua hedi ya 150 pamoja na bloku yake, tena ikiwezekana kutoka seti moja. Ukitaka kuhakikisha, funga valvu na plagi kwenye hedi, ilaze chali, paka grisi ukingoni, funika kwa kipande cha kioo cha plastiki chenye tundu dogo, na ujaze mafuta ya taa kwa bomba la sindano huku ukihesabu. Kwa silinda ya 149 na kompresheni ya 9.2 unahitaji jumla ya sentimita za ujazo 18.2. Gasketi yenye unene wa 0.8 ikishabanwa inachangia 2.4. Kama kichwa cha pistoni ni bapa na kinafika usawa wa bloku, hedi yenyewe iwe na karibu 16. Ukikuta 15 hujafa, umefika 9.6. Ukikuta 12, simama.

Valvu zisage kwa pasta mpaka kwenye kiti na kwenye valvu utokee mkanda wa kijivu usiokatika. Osha pasta yote. Funga valvu, geuza hedi, jaza petroli kwenye njia ya kuingizia, subiri dakika tano, halafu fanya hivyo kwenye njia ya kutolea. Tone likichungulia upande wa chumba, saga tena. Sili za valvu weka mpya. Ni spea ya bei ya chai na chapati, na watu wanazibania.

Kufunga

Bloku iliyotoka kwa mkerezaji ina unga wa chuma kwenye michoro yake hata kama inang'aa. Mafuta ya taa hayautoi. Tumia maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, kisha ufute kwa kitambaa cheupe chenye oili. Kitambaa kikitoka cha kijivu, rudia. Mimi huwa narudia mara tatu, na mara ya tatu bado kinatoka na kivuli.

Ringi zipimwe kabla ya kuvaa. Ingiza ringi moja kwenye silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, upime mwanya kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kwa silinda ya 62 mimi nafurahi nikiona kati ya 0.20 na 0.30. Ncha zikigusana, zitavimba kwa joto na kukwama. Zipunguze kwa kijitupa chembamba, taratibu. Ringi zenye herufi, herufi itazame juu. Ya kwanza ni ile inayong'aa, ya pili ni yenye weusi. Mianya isipangwe mstari mmoja. Itawanye kama mafiga matatu.

Pistoni ina maandishi IN kichwani, yaelekee kabureta. Paka oili pini, pistoni na silinda. Klipu za pini ziwe mpya, na mdomo wa klipu usilingane na kile kijishimo cha kuitolea. Tambara bado liko kwenye kasha? Vizuri. Vaa pistoni, shusha bloku, ingiza ringi moja moja kwa kuzibana na kucha, toa tambara. Gasketi usiipake silikoni. Kipande cha silikoni kinachobanwa kuelekea ndani kinadondoka, kinasafiri, na kinapenda kulala kwenye wavu wa oili.

Kabla ya kufunga moja kwa moja, bandika vidonge viwili vya plastisini au udongo laini juu ya pistoni mahali valvu zinapofunguka, weka hedi na gasketi, kaza kidogo, rekebisha valvu, zungusha krenki kwa mkono duara mbili kamili. Fungua, kata udongo kwa wembe, upime penye wembamba zaidi. Chini ya milimita 1.5 sipendi. Ukisikia kizuizi wakati wa kuzungusha, usilazimishe. Kuna kitu kinagusana.

Kisha funga. Nati zikazwe kwa mkingamo, kwa awamu tatu. Kwa stadi za milimita 8 mimi naishia kwenye Nm 20 za spana ya kupimia nguvu. Anayekaza kwa nguvu ya mkono na spana ndefu ndiye anayeng'oa uzi wa kasha, na uzi huo ukishang'oka kazi inarudi kwa mkerezaji. Nafasi ya valvu, injini ikiwa baridi kabisa, iwe milimita 0.08 zote mbili. Fila iteleze kwa kukwaruza kidogo, kama noti mpya inayotoka kwenye pochi iliyobana.

Oili lita moja, ya pikipiki, yenye maandishi JASO MA. Klachi ya CG inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, na baadhi ya oili za magari zimetengenezwa ziwe telezi kiasi cha kuifanya klachi iteleze. Toa plagi, piga kiki mara thelathini, chungulia rokaamu. Oili ifike huko kabla hujawasha.

Kabureta na sproketi

Silinda kubwa inavuta hewa zaidi. 125 nyingi huja na kabureta ya PZ26, 150 huja na PZ27. Unaweza kuanza na ya zamani, ila soma plagi: endesha kilomita kumi na mzigo wa kawaida, zima injini ukiwa bado umevuta klachi, fungua plagi. Rangi ya kahawia kama chai ya maziwa ni sawa. Nyeupe kavu ina maana petroli ni kidogo na joto ni kubwa, ongeza jeti kuu, kile kitundu cha kupitishia petroli, kwa namba moja. Nyeusi ya masizi, punguza.

Ukiwa na nguvu mpya utashawishika kuongeza jino la sproketi ya mbele. Kutoka 15 hadi 16, na nyuma 40, uwiano unashuka kutoka 2.67 hadi 2.5. Kwa anayekimbia barabara ya lami Morogoro hadi Dumila inapendeza, injini inatulia. Kwa anayebeba mzigo mlimani ni kuirudisha injini palepale ilipokuwa kabla hajatumia hela zake.

Kilomita za mwanzo

Usiiache ikinguruma bila kutembea kwa nusu saa eti inazoea. Ringi zinakaa kwa kubebeshwa kidogo, ziachwe, zibebeshwe tena. Iendeshe kwa kupanda na kushuka mafuta, bila abiria, kilomita hamsini za kwanza. Mwaga oili hiyo ikiwa bado ya moto, ukaiangalie juani ndani ya beseni. Mng'ao mwembamba wa chuma ni wa kawaida mara hii ya kwanza. Vipande vinavyoshikika kwa vidole si vya kawaida, fungua. Badilisha tena kwenye kilomita 500, na hapo ukaze nati za hedi upya na upime valvu, kwa sababu gasketi mpya hukaa chini kidogo na nafasi ya valvu hubadilika. Mpaka zipite hizo 500, sahau mlima na magunia.

Jambo la kadi ya usajili pia. Namba ya injini imegongwa kwenye kasha, kwa hiyo ukibadilisha bloku na hedi tu namba inabaki ileile, lakini ujazo ulioandikwa kwenye kadi si ule tena. Ukilazimika kubadilisha kasha lenyewe, namba inakuwa nyingine kabisa, na hiyo pikipiki kwenye kizuizi cha trafiki inaonekana kama ya wizi. Tunza risiti ya kasha na nenda TRA, au NTSA kwa walioko Kenya, uulizie marekebisho kabla hujaanza kubeba abiria. Kasha lenye namba iliyofutwa kwa tupa usilinunue hata likiwa bei ya kilo ya vyuma chakavu.

Ile bloku yangu ya kwanza bado iko chini ya meza. Huwa nawapa vijana wanaojifunza, pamoja na venia na gasketi ya 125, wanitafutie wenyewe kwa nini haikufaa. Wengi wanaona sketi. Hedi mpaka sasa wameiuliza wawili tu.